Gari kongwe linapochemsha Mlandizi, kosa huwa wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mlandizi

Ilikuwa yapata saa nane za mchana, wakati ambapo jua la Januari halimwachii msafiri wa Barabara ya Morogoro hata kivuli cha kusimama, gari aina ya Peugeot 404, lenye rangi ya samawati iliyopauka, lilipojitoa katika msururu wa malori, likajikokota hadi chini ya mwembe ulio jirani na gereji moja ya Mlandizi, na kuzimika.

Mvuke ulikuwa ukifoka katika mianya ya boneti. Mwenye gari, mwalimu mstaafu aliyelirithi kwa marehemu baba yake, alishuka taratibu, akamzuia kwa ishara ya mkono kijana aliyekuwa akiukimbilia mfuniko wa rejeta na kitambaa, kisha akaketi juu ya gogo kungoja chuma kipoe.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema fundi kijana, spana ikiwa tayari mkononi. “Hapa dawa ni moja tu. Tutoe themostati, gari litapoa.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu mzee. “Themostati ilitolewa mwaka juzi, na fundi aliyeitoa alisema maneno hayo hayo.”

Katika mazungumzo hayo mafupi umo mzozo wote unaohusu makala hii. Themostati imetolewa, rejeta imezibuliwa zaidi ya mara moja, pampu ya maji imebadilishwa, fedha ya mstaafu imekwenda, na gari bado linachemsha. Swali ambalo hakuna fundi aliyeliuliza kabla ya kushika spana ni jepesi kulitamka: gari hili huchemsha lini?

Barabara inayoipima rejeta

Mlandizi ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, umbali wa kilomita zipatazo 60 kutoka Dar es Salaam, na magari yaendayo Morogoro, Dodoma, Iringa na Mbeya kwa barabara hii kuu, pamoja na malori yachukuayo shehena ya Zambia, Rwanda, Burundi na Kongo, hayana budi kupita katikati yake. Mradi wa njia nane wa Kimara hadi Kibaha, wenye urefu wa kilomita 19.2, haukufika hapa. Kwa hiyo lori moja likiharibika, msafara mzima husimama juani, injini zikinguruma mahali pamoja.

Kusini mwa barabara kuu ipo njia iendayo Mzenga na Maneromango, wilayani Kisarawe, ambako Land Rover na Peugeot za kale hutembea kwa gia nzito zikiwa na mizigo. Foleni ya lami huitesa injini kwa namna moja, na safari ya mzigo huitesa kwa namna nyingine. Tofauti hiyo ikumbukwe, maana ndiyo itakayotufikisha kwenye kosa.

Magari yenyewe hayakupata heshima bure katika ardhi hii. Peugeot 404 ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968; na ushindi wa 1966 na wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa pamoja na Chris Rothwell. Peugeot 504, iliyoifuata mwaka 1968, nayo ilishinda Safari mwaka 1975 na 1978, na iliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Ulaya kuiacha. Watu wazima wa Pwani wanaoiita “Pijo” kwa mapenzi wanayakumbuka mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Joto linavyosafiri

Katika petroli inayoungua ndani ya injini ya namna hii, karibu theluthi moja ya nguvu yake haiendi katika magurudumu wala haitoki kwa ekzosi, bali huingia katika vyuma, na vyuma huikabidhi kwa maji. Pampu huyasukuma maji yakazizunguka slivu, yaani mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka, na hedi iliyo juu yake, yakapanda kwa mpira wa juu hadi katika rejeta, yakashuka ndani ya vibomba vyembamba vya shaba huku upepo ukivipuliza, kisha yakarudi kwa mpira wa chini yakiwa yamepoa.

Themostati ni mlango uliowekwa katika njia hiyo. Ndani yake mna nta maalumu, ambayo hufutuka kwa joto na kuufungua mlango maji yanapofikia takriban digrii 82, na hunywea na kuufunga maji yanapopoa. Muundaji hakuiweka kwa ajili ya theluji ya Ulaya peke yake. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi haiigeuzi petroli kuwa mvuke ipasavyo, na petroli hiyo ikiwa majimaji huosha mafuta katika kuta za silinda, ikateremka hadi kwenye oili na kuidhoofisha. Slivu na pistoni huliwa kabla ya wakati, na mwenye gari hulaumu umri wa gari.

Mfuniko wa rejeta nao una dhima kubwa kuliko kuzuia maji yasimwagike. Maji ya kawaida huchemka kwa digrii 100 usawa wa bahari, lakini kila ratili moja ya shinikizo kwa inchi ya mraba inayozuiliwa na mfuniko huongeza kiwango hicho kwa karibu digrii moja na nusu. Mfuniko ambao springi yake imechoka au mpira wake umepasuka huyaachia maji yachemke mapema, na fundi asiyelijua hilo hushuka moja kwa moja kuifungua injini iliyo nzima, ilhali kifaa kibovu kilikuwa mkononi mwake tangu alipoanza.

Hoja ya fundi wa barabarani

Si haki kumdharau fundi wa kando ya barabara. Huletewa gari linalofuka, lenye abiria wenye safari na mwenye gari asiye na fedha ya siku mbili, na duka lililo karibu naye haliuzi themostati ya Peugeot 404, au huuza kitu chenye umbo lake ambacho hakuna awezaye kuapa kwamba hufunguka. Themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha injini kwa hakika. Na fundi anayeitoa hiyo, akamfikisha msafiri Chalinze au Morogoro salama, ametenda jambo jema.

Hoja ya pili ya mafundi hawa ni kwamba nchi yetu ni ya joto, hatuna majira ya baridi kali, basi kifaa cha kuipasha injini hakina kazi kwetu. Hoja hii ina sura ya ukweli na ndiyo maana imeenea kutoka gereji hadi gereji, mwalimu akimfundisha mwanafunzi, hata imekuwa ada. Lakini hata siku ya Mlandizi yenye joto la digrii 33 iko mbali sana na digrii 82 ambazo injini imeundwa kuzitafuta.

*“Themostati njema iliyo wazi haizuii kitu, kuitoa hakumponyi mtu aliyekuwa na kosa jingine.”*

Hili ndilo nililolisikia kwa wazee wa spana, waliojifunza kazi wakati ambapo Kibaha, mwendo mfupi kutoka hapa, kiwanda cha TAMCO kilikuwa kikiunganisha malori ya Scania. Injini ikishapata joto lake themostati huwa wazi, na maji hupita. Basi ikiwa gari bado linachemsha wakati mlango uko wazi, kuung'oa mlango hakuwezi kuwa tiba. Tena katika baadhi ya injini, ambazo themostati yake huziba pia kijia cha pembeni cha maji, kuitoa huyaruhusu maji ya moto yarudi kwenye injini bila kupita katika rejeta, na joto huzidi badala ya kupungua.

Hukumu yangu, baada ya kuzisikiliza pande zote mbili, ni kwamba fundi wa barabarani ana haki ya kuitoa themostati iliyokwama ili safari ifike mwisho, lakini hana haki ya kumwambia mwenye gari kwamba kazi imekwisha.

Sufuria, jiko na uzi

Kujua kama themostati ni nzima au mbovu hakuhitaji mashine. Mzee mmoja alinionyesha kwa vyombo vya jikoni: sufuria ndogo ya maji juu ya jiko la mkaa, na themostati imefungwa kwa uzi na kuning'inizwa katikati ya maji, isiguse chini ya sufuria, kwa sababu chuma cha chini kina moto kuliko maji yenyewe na kingeleta ushahidi wa uongo.

Maji yalipokuwa ya uvuguvugu, mlango wa shaba ulikuwa umefumba kabisa. Vipovu vidogo vilipoanza kujikusanya ukutani mwa sufuria, ufa mwembamba ulionekana pembeni ya kisahani. Kisahani kikasogea, kikasita, kikasogea tena, na kabla ya maji kutokota kilikuwa kimejiinua kiasi cha kupitisha ncha ya kidole kidogo. Mzee aliinyanyua kwa uzi, akaiacha hewani, na sote tukakitazama kisahani kikirudi na kufumba. Kifaa kile kilitolewa katika gari la mtu kwa tuhuma ya kuchemsha, kikatupwa katika kopo la misumari, nacho hakikuwa na hatia yoyote.

Lini, kabla ya nini

Gari linalochemsha likiwa limesimama au likijikokota katika foleni, nalo likapoa mara linapopata barabara wazi, lina upungufu wa upepo: feni haizunguki ipasavyo, mkanda umelegea, au mapezi ya rejeta yamezibwa na wadudu, majani na matope. Mwendo wa gari wenyewe huleta upepo ambao feni imeshindwa kuuleta.

Linalotulia katika foleni lakini likachemsha kwa mwendo wa kasi, au kwa mzigo kuelekea Maneromango, lina upungufu wa maji yazungukayo: vibomba vya rejeta vimeziba, pampu imeliwa mapanga, au mpira wa chini umelainika kwa uzee, ukawa unanyonywa na kubana pampu inapovuta kwa nguvu. Mpira huo ukiutazama gari likiwa limesimama utauona mzima. Sharti mtu aongeze moto wa injini huku mwingine akiutazama.

Linalopunguza maji kila siku bila tone kuonekana chini, ambalo rejeta yake hutoa mapovu injini inapowaka, au oili yake imegeuka rangi kuwa nyeupe nyeupe, hilo gasketi ya hedi imekwisha. Na lile ambalo halipungui maji, wala halitofautishi foleni na mwendo, likaguliwe moto wake: platini na taimingi iliyochelewa huiachia petroli iungue ikiwa njiani kutoka, na kabureta inayobania petroli huongeza joto vivyo hivyo.

Sasa turudi kwa 404 ya mwalimu. Alipoulizwa, alijibu bila kusita kwamba gari humsumbua Kibaha sokoni na hapa Mlandizi penye msongamano, lakini kati ya Ruvu na Chalinze, barabara ikiwa wazi, sindano ya geji hukaa mahali pake. Jibu hilo peke yake liliviondoa vibomba vya rejeta katika tuhuma, likaiondoa pampu, likaelekeza kidole kwenye upepo, na kwanza kwenye feni.

Na feni ya gari hili ina siri ambayo vijana wengi hawakupata kuoneshwa. Wahandisi wa Peugeot waliipa kifaa cha sumaku ya umeme: injini inapokuwa na ubaridi wa kutosha feni huachiliwa ikazunguka kivivu, na maji yanapopata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kwa brashi ndogo ya kaboni, sumaku ikaishika feni na kuizungusha pamoja na pampu. Ilikuwa hila ya kuokoa petroli na kupunguza kelele, nayo ni hila njema maadamu waya mmoja na kipande kimoja cha kaboni viko salama.

Brashi ile ilikuwa imelika hadi mwisho. Feni iligeuka kidogo kwa upepo na kwa msuguano, kiasi cha kumdanganya kila aliyeitazama kwa haraka kwamba inafanya kazi. Fundi mmoja mzee aliunganisha waya kutoka kwenye betri, pakasikika mlio mfupi wa chuma kushikana na chuma, na suala likawa limekwisha kujulikana.

*“Pampu mpya, rejeta iliyozibuliwa na themostati iliyotupwa, na kosa lilikuwa brashi ya kaboni.”*

Maji ya mto na maji ya kisima

Mlandizi ndipo ulipo mtambo wa Ruvu Juu, unaosafisha maji ya Mto Ruvu na kuyapeleka Dar es Salaam. Lakini gari linapochemsha, mwenye gari huchukua maji yaliyo karibu, ya bomba, ya kisima au ya dimbwi, akajaza. Maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi na chokaa. Kila yanapochemka huacha utando mgumu ndani ya vibomba, na utando huo huzuia joto lisipite kutoka majini kwenda katika shaba.

Hatari ni kubwa zaidi kwa Peugeot kwa sababu hedi yake ni ya aluminiamu na bloku yake ni ya chuma, na madini mawili tofauti yakikutana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa na jingine. Kulanti ya rejeta, ambayo wengi hapa hudhani ni rangi ya kupendeza au ni ya nchi za barafu, ina dawa za kuzuia kutu na ulaji huo, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi hupandisha pia kiwango cha kuchemka. Asiyeweza kuipata na atumie maji ya mvua yaliyochujwa, au maji ya betri yasiyo na asidi, na safari ikimlazimu kutia maji ya kisima, ayatoe afikapo.

Bizari na ute wa yai, ambavyo wasafiri hutia katika rejeta inayovuja, huziba tundu kwa muda wa kufika nyumbani na kuziba vibomba kwa muda mrefu baadaye. Rejeta za kale ni za shaba, nazo hukubali lihamu. Fundi mwenye mkono mtulivu huitoa, akaisafisha na kuichomelea ikadumu miaka. Rejeta nyingi za magari ya sasa, zenye matangi ya plastiki, hazina bahati hiyo.

Wanaosema ing'olewe

Lipo kundi la tatu, lisemalo kwamba injini hizi zing'olewe na kuwekwa za Toyota au Isuzu, kama zilivyofanyiwa Land Rover nyingi. Kwa mtu anayetafuta mkate kwa gari lake siwezi kumlaumu. Lakini gari la mwalimu halikuwa na ugonjwa wa injini, na kuliondolea moyo kwa sababu ya kipande cha kaboni kungekuwa dhuluma kwa gari na kwa mfuko wa mwenyewe.

Nao walioamua kuifungua hedi ya Peugeot wajue jambo moja ambalo limeharibu injini nyingi: slivu zake hukaa ndani ya maji, zimeshikwa na hedi kutoka juu. Hedi ikitolewa, injini isizungushwe hata kidogo mpaka slivu zifungwe zisinyanyuke, la sivyo mihuri yake ya chini hukatika na maji huingia katika oili, nawe umetengeneza ubovu usiokuwapo.

Mikono na macho

Yale mvuke uliyonifundisha siku ile, chini ya mwembe, sikuhitaji kusimuliwa. Maji yaliyo chini ya shinikizo yanaweza kuwa na joto la kupita digrii 100 bila kutokota. Mfuniko ukifunguliwa, shinikizo hutoweka ghafla, na maji hugeuka mvuke usoni mwa aliyeinama. Kitambaa hakizuii kitu. Zima gari, fungua boneti, ngoja mpaka mpira wa juu uweze kuushika kwa kiganja bila kuungua, ndipo ulegeze mfuniko hatua ya kwanza na kuacha pumzi yote itoke. Na maji baridi yasimwagwe katika injini iliyopamba moto, kwani hedi hupinda au kupasuka.

Ikiwa sindano inapanda nawe uko katika foleni ambayo huwezi kujitoa, na gari lako lina hita, ifungulie yote na feni yake, ingawa utatoka jasho. Hita ni rejeta ndogo, na joto inalokupa wewe limeiondokea injini.

Kibaha haina uhaba wa mahali pa kufundishia haya. Lipo Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960 na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970, lenye chuo cha maendeleo ya wananchi. Kipo kituo cha Nyumbu, ambako Watanzania walithubutu kuunda malori yao wenyewe. Na kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA. Ninaziomba taasisi hizi ziwaite mafundi wa kando ya barabara, wa Mlandizi, Vigwaza na Chalinze, kwa mafunzo ya siku chache, bila kuwadai vyeti ambavyo hawakupata nafasi ya kuvipata, wakae meza moja na wazee waliobaki, wakiwa na sufuria, jiko na themostati, kabla maarifa hayo hayajazikwa pamoja na wenyewe.

Na wewe mwenye gari kongwe, weka daftari ndani ya gari, uandike kila linapochemsha: saa ngapi, mahali gani, katika foleni au mwendoni, na maji yalipungua kiasi gani. Mpe fundi daftari hilo asome kabla hujamruhusu kushika spana. Na kama themostati yako ilitolewa, irudishe.